Usiku Ganzi Inapoisha: Mwongozo wa Kupunguza Mofini na Tramadoli Baada ya Upasuaji wa Uti wa Mgongo

Shangazi yangu alitolewa chumba cha upasuaji saa 8 mchana, mchangamfu kuliko sisi tuliokuwa tunamsubiri. Aliomba chai ya rangi. Akasema mgongo hausemi kitu. Tukarudi tulikofikia tukiwa na furaha. Saa 9 usiku alikuwa analia, wodi nzima macho, na kufikia alfajiri alikwishachomwa mofini mara tatu, anatapika na hajui yuko wapi. Ganzi aliyopigwa ilikuwa imefanya kazi yake vizuri kabisa. Ila hakuna aliyejiuliza itaisha saa ngapi, na ikiisha itapokewa na nini.

Miezi mitano baadaye, nyumbani kwake Makorora, alikuwa bado anamtuma mjukuu duka la dawa akamletee tramadoli.

Kazi yangu ni ya usingizi na ganzi, hapa hapa Tanga. Wagonjwa wa mgongo nawaona wa kila namna: aliyeanguka mnazini Pangani, kijana wa bodaboda, mama ambaye diski imembana mshipa hadi mguu unawaka moto. Wengi huenda kupasuliwa MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, Dar es Salaam, wengine hospitali ya KCMC Moshi, kisha wanarudi kuugulia nyumbani. Mwongozo huu ni wa mgonjwa na yule ndugu mmoja atakayemuuguza. Haumpi mtu ruhusa ya kujibadilishia dawa. Unampa maneno ya kuzungumza na wanaomtibu, na utaratibu wa kufuata kati ya ziara moja ya daktari na nyingine.

Kwanza ujue sindano yenyewe ni ipi

Watu huchanganya sindano tatu. Nusukaputi ni ile inayokulaza usingizi usijue lolote. Sindano ya mgongo, wanayoijua kina mama waliojifungua kwa upasuaji, huingia kwenye maji yanayozunguka uti na kutia ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, miguu ikawa mizito kama magogo. Ya tatu ndiyo tunayoizungumzia: ganzi ya eneo, ambayo sisi wa chumba cha upasuaji tunaiita bloku. Hii haiingii ndani ya uti. Inaishia kwenye misuli.

Daktari anayepasua mgongo hupita kwenye ngozi, kisha hubandua misuli kutoka kwenye mfupa, pande zote mbili. Hiyo misuli iliyobanduliwa ndiyo inayouma zaidi siku za mwanzo, kuliko mfupa wenyewe. Habari za maumivu yake hupelekwa kichwani na vijitawi vya nyuma vya mishipa ya fahamu, vinavyotokeza pembeni mwa kila pingili. Mwaka 2016 Mauricio Forero na wenzake waliandika kuhusu sindano inayoweka ganzi chini ya ile misuli mirefu inayonyoosha mgongo, juu ya kijibawa cha pingili. Dawa ikiwekwa pale husambaa juu na chini na kuvikuta vile vijitawi. Wao walianza na maumivu sugu ya kifua; leo inatumika kwa upasuaji wa aina nyingi, wa mgongo ukiwemo.

Hufanywa kwa kuangalia picha ya ultrasaundi, mara nyingi mgonjwa akiwa ameshalala usingizi na kugeuzwa kifudifudi, kabla kisu hakijagusa ngozi. Hupigwa kushoto na kulia. Kwa hiyo usishangae kuamka bila kumbukumbu yoyote ya kuchomwa.

Uzuri wake mkubwa kwangu ni huu: kwa kawaida hailegezi miguu. Daktari wa mgongo akija kukuambia "sukuma mguu, inua kidole gumba," anapata jibu la kweli. Ganzi inayolegeza miguu ingemficha tatizo ambalo halitakiwi kusubiri hata saa moja.

Mipaka yake nayo niiseme kwa ukweli. Maumivu yanayoshuka mguuni kutoka kwenye mshipa uliobanwa, hii haiyagusi sana. Haimfanyi mtu asiumwe kabisa. Tafiti nyingi zilizolinganisha waliopigwa na wasiopigwa zimeonyesha kwamba waliopigwa huhitaji mofini kidogo zaidi katika saa 24 za kwanza, na kichefuchefu hupungua. Saa 24. Dawa yenyewe, mara nyingi bupivakaini, hushika kwa muda wa saa 8 hadi 12, kwa wengine hukaribia siku nzima. Yaani ganzi inakununulia usiku mmoja. Yote yaliyobaki katika mwongozo huu ni namna ya kuutumia usiku huo.

Kwa nini tunahangaika kupunguza hizi dawa

Mofini, pethidini, fentanili, kodeini na tramadoli ni ndugu wa ukoo mmoja, ukoo wa afyuni. Hutuliza maumivu kweli, na mimi huzitumia kila siku ya kazi. Lakini hupunguza pumzi, huleta kichefuchefu, huwasha mwili, huzuia mkojo, na hufunga choo. Hili la choo watu hulidharau. Mtu mwenye mshono mgongoni akijikamua chooni siku ya nne, atakuambia ni afadhali angepasuliwa tena.

Halafu kuna kuzoea. Pwani yetu tunaijua shida ya unga, yaani heroini. Kliniki ya methadoni, dawa wanayopewa wanaoacha unga, ilianza Muhimbili mwaka 2011 kwa sababu vijana wetu walikuwa wanakwisha. Tramadoli wengi hawaiweki kundi hilo kwa kuwa inatoka duka la dawa na ina pakiti nzuri. Mwili hausomi pakiti.

Hata hivyo sipendi kusikia mtu akijisifu kwamba mgonjwa wake hakupewa mofini hata kidogo. Kumwacha mzee wa watu akiumwa hadi anashindwa kukohoa ni madhara pia: mapafu hujaa, damu huganda miguuni, na maumivu yaliyoachwa bila kutulizwa yanaweza kugeuka sugu. Tunachotaka ni apewe anayohitaji, kwa siku chache, wala isiwe ndiyo dawa ya kwanza kukimbiliwa.

Wiki mbili kabla: daftari

Nunua daftari dogo la shule. Ukurasa wa kwanza andika haya, uende nalo kliniki ya usingizi:

- Uzito wa mgonjwa, uliopimwa karibuni, usiwe wa kukisia.
- Kila dawa anayotumia, pamoja na za miti shamba na zile za dukani. Za kuyeyusha damu, kama aspirini au wafarini, ziandike kwa herufi kubwa.
- Vidonda vya tumbo, figo, ini, pumu, kisukari, presha, seli mundu, kifafa.
- Kama hukoroma sana na kukata pumzi usingizini. Muulize anayelala naye, mwenyewe hajui.
- Mara ya mwisho alipopasuliwa ilikuwaje: alitapika, aliwashwa, alichelewa kuamka?

Uzito una sababu yake. Wengi wetu hatuvuki miligramu 2 za bupivakaini kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 60 mwisho wake ni miligramu 120. Tukimpiga mililita 20 kila upande, za dawa ya asilimia 0.25, hizo ni miligramu 100, na nafasi bado ipo. Lakini bibi wa kilo 45 mwisho wake ni miligramu 90. Kipimo kile kile kwake kimeshapita. Wagonjwa wetu wa mgongo, hasa wale waliolala kitandani miezi kadhaa, wamekonda kuliko kadi zao zinavyosema.

Sasa jambo gumu. Kama mgonjwa amekuwa akimeza tramadoli kwa wiki au miezi kabla ya upasuaji, useme. Useme ni vidonge vingapi kwa siku, hata kama vilinunuliwa bila cheti. Na kama anatumia unga, au anakunywa methadoni, au pombe kila siku, mtafute mtaalamu wa usingizi pembeni umwambie. Hatukuulizi ili tukuhukumu. Mwili uliozoea unahitaji mpango mwingine kabisa, na mgonjwa wa methadoni haachishwi methadoni yake kwa sababu ya upasuaji. Kijana mmoja alificha kwa kumwogopa baba yake aliyekuwa amekaa naye chumbani. Usiku wa kwanza wauguzi walidhani anadeka, kumbe alikuwa kwenye arosto, mwili unadai dawa uliyoizoea, juu ya maumivu ya kisu. Tangu siku ile, ndugu huwaomba watoke kwanza, ndipo naliuliza hilo swali.

Maswali ya kuuliza kliniki ya usingizi

Uliza kwa heshima, lakini uliza. "Daktari, shikamoo. Tumesikia kuna ganzi ya misuli ya mgongo inayopunguza maumivu baada ya upasuaji. Je, kwa upasuaji wangu inafaa, na hapa mnaifanya?"

Akisema wanaifanya, uliza itapigwa saa ngapi na inategemewa kuisha saa ngapi. Andika. Uliza pia kama kuna maambukizi ya ngozi mahali pa kuchoma, au dawa za damu, vinavyoweza kuizuia. Na uliza kama chumbani kuna ile dawa ya mafuta ya mshipani ya asilimia 20. Ganzi ikiingia kwenye damu kwa wingi inaweza kuleta degedege na kuvuruga moyo. Ni nadra, na mafuta yale ndiyo dawa yake. Mtaalamu mzuri hataudhika kwa swali hili. Mimi nikiulizwa hufurahi, kwa sababu hunilazimisha kwenda kuangalia kama chupa ipo na haijapita muda.

Akisema hakuna ultrasaundi au hakuna mtu aliyefunzwa, mlango haujafungwa. Muulize daktari wa mgongo kama anaweza kumwaga ganzi kwenye misuli na chini ya ngozi kabla ya kufunga kidonda. Ni njia ya zamani, ya gharama ndogo, na inasaidia saa za mwanzo. Kama zote mbili zitafanywa, ajue aliyeshika hesabu ya miligramu, maana zinajumlishwa. Ipo pia ketamini ya kipimo kidogo wakati wa upasuaji, na dozi moja ya deksamethasoni kwa asiyekuwa na kizuizi. Zote hizi hupunguza haja ya mofini, na karibu kila hospitali kubwa nchini inazo.

Swali la mwisho ndilo la maana kuliko yote, na ndilo ambalo sisi hatukuliuliza kwa shangazi: "Ganzi ikiisha usiku, dawa gani imeandikwa kwenye faili, na atapewa saa ngapi bila kusubiri aombe?"

Siku yenyewe

Fuata masharti ya kufunga kula uliyopewa. Kwa kawaida chakula husimama saa 6 kabla na maji matupu saa 2 kabla. Ukipita hapo upasuaji unaahirishwa, na wanaoahirisha hawakukomoi. Mwingine wa familia ashike daftari na simu yenye chaji.

Saa 24 za kwanza

Hapa ndipo kazi ilipo.

Mgonjwa akirudi wodini, muulize muuguzi: bloku imepigwa saa ngapi? Tuseme ni saa 4 asubuhi. Hesabu saa 8: ni saa 12 jioni. Hesabu saa 12: ni saa 4 usiku. Chora mstari daftarini kwenye saa hizo mbili. Kati ya mistari hiyo ganzi inaweza kuanza kufifia, na inaweza kuchelewa mpaka usiku wa manane. Dawa za msingi zinatakiwa ziwe zimeshaingia mwilini kabla ya mstari wa kwanza, mgonjwa angali anacheka na kuomba chai.

Dawa ya msingi namba moja ni parasetamoli, hii ambayo wengi tunaiita Panadol. Kwa mtu mzima wa kilo 50 na zaidi, mwenye ini zima, ni gramu 1 kila baada ya saa 6, isizidi gramu 4 kwa siku. Saa zetu za Kiswahili zinafanya hili kuwa jepesi: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku. Kumi na mbili, sita, kumi na mbili, sita. Hata mjukuu wa darasa la tatu atakukumbusha. Aliye chini ya kilo 50 apangiwe na daktari kwa uzito wake. Na angalia dawa za mafua: nyingi zina parasetamoli ndani, ukiongeza juu umezidisha bila kujua.

Watu huidharau. "Panadol kwa mtu aliyepasuliwa mgongo?" Ndiyo. Peke yake haitoshi, lakini ikitolewa kwa saa, bila kuruka, inapunguza kiasi cha mofini kitakachohitajika. Ikitolewa baada ya kilio huonekana haisaidii kitu, ndiyo maana imepata jina baya.

Namba mbili ni kundi la diklofenaki na ibuprofeni. Hizi ni nzuri sana kwa misuli iliyovimba, ila zina masharti: si kwa mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu, au pumu inayochokozwa nazo, na kwa mzee sana ni kwa tahadhari. Na kama mgonjwa amewekewa vyuma ili mifupa iungane, daktari wa mgongo ndiye aseme zitumike au la, na kwa siku ngapi, kwa kuwa zinaweza kuchelewesha mfupa kushika. Zikiruhusiwa, ni moja tu ya kundi hilo. Diklofenaki asubuhi na ibuprofeni jioni si dawa mbili. Ni sumu moja ya figo kwa majina mawili. Zimezwe baada ya kula.

Gabapentini na pregabalini nazo huandikwa. Usingizi wake ukikutana na wa mofini unaweza kuilegeza pumzi, hasa kwa mzee. Ukiona zote ziko kwenye cheti, uliza kama ndivyo ilivyokusudiwa.

Juu ya msingi huo ndipo mofini au tramadoli inakaa, kwa maumivu yanayovunja ukuta. Ikihitajika, apewe. Usimwambie mgonjwa "vumilia, utazoea dawa." Dozi chache za siku mbili tatu hospitalini, zikitolewa na muuguzi anayemwangalia, sizo zilizomfikisha shangazi yangu alikofika.

Na hapa niseme kitu kuhusu sisi watu wa Pwani. Muuguzi akipita na kuuliza, "Mzee, hujambo?" mzee hujibu, "Alhamdulillahi, sijambo." Amefunzwa hivyo tangu utoto, na ni adabu nzuri. Lakini faili linaandikwa: hana maumivu. Saa mbili baadaye anatetemeka. Kwa hiyo ndugu, wewe uulize vingine: "Baba, ukijigeuza ubavu inakuwaje? Ukikohoa? Kutoka sifuri mpaka kumi, sasa hivi ni ngapi?" Andika namba akiwa ametulia, na namba akijigeuza. Ya kujigeuza ndiyo ya maana. Akiweza kukohoa kwa nguvu, kugeuka na kukaa kitako kwa namba 4, dawa zinatosha hata kama anakunja uso. Akiwa ametulia namba 2 lakini hawezi kugeuka kabisa, hazitoshi, mwite muuguzi sasa, usingoje mstari wa pili.

Wakati ganzi ingalipo, ngozi ya mgongo haina habari. Chupa ya maji ya moto isimkaribie, ataungua bila kusema. Barafu iliyofungwa kitambaani, dakika 15 hadi 20, si juu ya kidonda kibichi na si bila muuguzi kujua, huwapa wengine nafuu ya kweli.

Kujigeuza ni kama gogo: mabega na nyonga kwa pamoja, magoti yamekunjwa, bila kupinda kiuno. Akiruhusiwa kusimama siku inayofuata, asimame. Kutembea hatua kumi mpaka dirishani kunatuliza mgongo kuliko vidonge viwili, na hili nalisema kwa kuliona mara nyingi.

Njia ya kurudi

Kutoka Dar hadi Tanga ni kilomita kama 350, uwe umepitia Chalinze au umekata kwa Bagamoyo na kutokea Msata. Matuta yote ya barabara hiyo mgonjwa atayahesabu. Pangeni safari ianze saa moja hivi baada ya dozi, si kabla yake. Gari dogo ambalo kiti kinalala ni bora kuliko basi. Simameni kila baada ya saa moja, ashuke, atembee kidogo, kisha akiwa amekaa awe anapiga nyayo juu na chini ili damu isigande miguuni. Chakula cha dozi ya mchana kiwe garini tayari. Wengi huiruka dozi hiyo kwa sababu ya njia, wakafika Segera wanaomba sindano.

Nyumbani: kushuka ngazi

Siku ya kutoka hospitali, hesabu vidonge vya tramadoli ulivyopewa na uulize ni vya siku ngapi. Andika idadi daftarini. Vikae kwenye kopo lenye kufuli, mtu mmoja ashike ufunguo. Isiwe mgonjwa, isiwe mjukuu.

Parasetamoli inaendelea kwa saa zake, kumi na mbili, sita. Tramadoli inashuka. Mfano wa ngazi ninayowaandikia wengi, kwa mtu ambaye hakuwa akiitumia kabla: siku mbili vidonge vitatu vya miligramu 50 kwa siku, siku mbili vidonge viwili, siku mbili kimoja cha usiku, kisha basi. Ukiona siku fulani hakihitajiki, ruka, usimeze kwa kuwa kipo. Mpango wako wewe uandikwe na daktari wako. Usivuke kipimo chake kwa hali yoyote: tramadoli ikizidi huleta degedege, na hatari hiyo huongezeka kwa mwenye kifafa na kwa anayetumia amitriptilini au dawa nyingine za sonona. Pombe na dawa za usingizi, hapana kabisa.

Aliyekuwa akiitumia kwa muda mrefu asikate ghafla. Atapiga miayo, mafua yatamtoka, jasho, tumbo la kuhara, miguu haitulii, usingizi hakuna. Familia nyingi huku kwetu hukimbilia kupima malaria. Kipimo kikisema hakuna malaria, fikiria siku ngapi zimepita tangu kidonge cha mwisho. Huyo ashushwe polepole, kwa wiki kadhaa, na mtaalamu akimwona.

Choo. Dawa ya kusukuma choo, kama bisakodili au sena, ianze siku ile ile mofini au tramadoli inapoanza, na isimame nayo. Juu yake maji mengi, papai, mchicha, na machungwa ya Muheza ambayo tumejaliwa hatuyathamini. Siku tatu bila choo, mjulishe daktari.

Nyumba nayo iandaliwe, kwa sababu kila kosa la mwili linalipwa kwa kidonge. Kitanda cha kamba kilichobonyea kiondolewe, au kiwekewe ubao chini ya godoro. Choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti kilichotobolewa. Fundi wa mtaani anakitengeneza kwa siku moja. Swala aswali akiwa amekaa kitini, kurukuu na kusujudu kwa ishara, mpaka daktari aseme anaweza kuinama. Dini imempa ruhusa hiyo, na ikibidi mwombeni shehe wa mtaa aje amwambie mwenyewe, maana wazee hawatusikilizi sisi. Wageni wakija na mafuta ya kuchua, yapokelewe kwa shukrani na yawekwe kabatini. Mgongo wenye mshono hauchuliwi wala haukandwi kwa maji ya moto.

Shangazi, siku ya tisa, nilimkuta amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Eti wali wa tui la dukani haunukii. Kuinama kule mbele, mikono inasukuma, ndiko mgongo mpya usikokutaka kabisa. Jioni ile aliongeza vidonge viwili na hakupungua tena kwa wiki. Ficha mbuzi. Sisemi kwa mzaha: ipeleke kwa jirani kwa wiki sita.

Mwaka uliofuata alirudi kutolewa chuma kilicholegea. Safari hii tulikwenda na daftari. Bloku ilipigwa, mstari ukachorwa, parasetamoli ikaingia saa 12 jioni akiwa bado anatania wauguzi. Saa 5 usiku alisema, "Mwanangu, naona sasa panaanza kuchoma." Alipewa dozi moja ndogo ya mofini, akalala mpaka adhuhuri ya kesho yake ikakaribia. Upasuaji ule ulikuwa mdogo kuliko wa kwanza, siwezi kulinganisha sawa kwa sawa. Lakini daftari ninalo: tramadoli alizomeza nyumbani, jumla yake, ni vidonge sita.

Usisubiri asubuhi

Haya hayana cha kupiga simu kwanza kwa mjomba. Ni kwenda hospitali iliyo karibu, iwe Bombo au yoyote, saa hiyo hiyo:

- Analala mno, haamki vizuri ukimtikisa, anakoroma kwa namna ngeni, au ukimhesabia pumzi kwa dakika nzima hazifiki 10. Mlaze ubavu, usimwache peke yake. Hospitalini kuna naloksoni inayoiondoa afyuni.
- Mguu umelegea ghafla au zaidi ya jana. Usiseme "ni ile ganzi." Bloku ya misuli kwa kawaida hailegezi mguu, na ikiwa imepita siku moja, haipo tena.
- Ganzi sehemu za siri na kati ya mapaja, mkojo hautoki, au mkojo na choo vinatoka bila kujua.
- Homa, kidonda kinatoa usaha au maji yasiyokoma, au kichwa kinauma vibaya kila akikaa.
- Mguu mmoja umevimba na kuuma kwenye shavu la mguu, au pumzi inabana na kifua kinachoma.

Vidonge vilivyobaki

Vitabaki, ukifuata utaratibu. Usimpe jirani mwenye kiuno. Usiviweke kwa ajili ya siku nyingine. Usimwachie kijana wa bodaboda anayesema vinampa nguvu ya kuendesha usiku. Vihesabu, andika idadi daftarini chini ya ile ya mwanzo, kisha virudishe duka la dawa la hospitali ulikovichukua, na daftari uende nalo kliniki ya wiki ya sita.